Chanzo ni Mzee wa Rukuba

Visiwa vingi vya Ziwa Nyanza vikitajwa katika Wikipedia ya Kiswahili, hutajwa kwa kile ambacho wahariri wake hukiita mbegu: makala ya sentensi mbili tatu, jina la kisiwa, mkoa, ziwa, basi. Tuseme kijana wa Rukuba, kisiwa cha Kata ya Etaro, Musoma Vijijini, mkoani Mara, ameamua kuikuza mbegu ya kwao. Anaandika kwa simu koo zilizotangulia kufika, majina ya vighuba ambako mitumbwi ya dagaa hulala, na upepo ambao ukianza kuvuma hakuna mvuvi anayetoka. Anahifadhi. Kesho yake aya zote zimeondolewa, na kwenye ukurasa wa historia ya makala mhariri mwingine ameacha sababu: hakuna chanzo.

Mhariri huyo ameifuata kanuni kama ilivyo. Tangu Jimmy Wales na Larry Sanger walipoianzisha Januari 2001, Wikipedia haina mhariri mkuu wala jopo la maprofesa wa kupitisha makala. Mwandishi hajulikani na halazimiki kujulikana. Anaweza kuwa daktari bingwa, anaweza kuwa mwanafunzi wa kidato cha pili. Kwa hiyo msomaji haambiwi amwamini mwandishi. Anaonyeshwa chanzo kilichochapishwa, akakifungue mwenyewe ahakikishe. Aliyoyaona mwandishi kwa macho yake, au aliyoyasikia kwa babu yake, huhesabiwa kuwa utafiti binafsi na hayapokelewi.

Naiheshimu kanuni hii. Bila hiyo kila mwenye ugomvi wa mpaka wa shamba angeiandika historia ya kijiji apendavyo. Lakini haiwalemei watu wote sawasawa. Mtu wa mji mdogo wa Ujerumani ana daftari za parokia, magazeti ya wilaya na vitabu vya chama cha historia cha kwao. Mtu wa Rukuba ana wazee.

Suala hili limejadiliwa kwa miaka mingi kwenye mikutano ya jumuiya ya wahariri wa Wikipedia, ambao ni watu wa kujitolea. Mkutano wao mkuu wa kimataifa, Wikimania, ulianzia Frankfurt mwaka 2005. Barani kwetu ulifika Alexandria 2008, kisha Cape Town 2018, na Agosti 2025 ukafanyika Nairobi, mara ya kwanza Afrika Mashariki. Upo pia mkutano wa Waafrika wenyewe, Wiki Indaba, ulioanzia Johannesburg mwaka 2014 na kufika Kigali 2022. Watu huuliza wanaofanya kazi yao yote mtandaoni, tena bila malipo, wanakutana kufanya nini. Jibu ni kwamba kanuni zao nyingi ziliandikwa na wahariri na hubadilishwa na wahariri, wakishawishika. Kushawishiana kwa maandishi kati ya watu wasiojuana huishia mara nyingi kwenye kukasirikiana. Ana kwa ana, mhariri kutoka Poland anaweza kumsikiliza mwenzake wa Tanzania nusu saa nzima bila kumkatiza.

Jaribio kubwa la kuigusa kanuni ya chanzo lilikuja mwaka 2011. Achal Prabhala, Mhindi aliyekuwa mjumbe wa bodi ya ushauri ya Wikimedia, shirika linaloiendesha Wikipedia, aliongoza mradi uliofanyika India na Afrika Kusini kwa Kimalayalam, Kihindi na Kisotho cha Kaskazini. Wahariri waliwaendea watu vijijini, wakarekodi maelezo ya mambo ya kila siku ambayo hayamo kitabuni, kama michezo na pombe ya kienyeji, wakaziweka sauti hizo wazi mtandaoni na kuzitaja chini ya makala kama vyanzo. Mabishano yaliyofuata yalikuwa makali. Nani amechagua mzee huyu akamwacha yule? Mzee akikosea, nani atamsahihisha? Katika Wikipedia ya Kiingereza hoja hiyo haikupita kuwa kanuni.

Hayo ni maswali ya haki, na kwa maoni yangu yana majibu. Wenye majibu ni wanaisimu na wanahistoria, ambao kuyahoji masimulizi ndiyo kazi yao ya kila siku. Na Mara wamekuwapo muda mrefu. Mwaka 1977 David Massamba aliwasilisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tasnifu ya uzamili iliyolinganisha Kiruri, Kijita na Kikwaya, lugha tatu za mwambao wa mashariki wa ziwa. Mwaka 2005 kamusi yake ya Kiruri ilitolewa na Mradi wa Lugha za Tanzania wa chuo hichohicho. Katikati ya hapo, 1996, Laura Downing alichapisha kitabu kizima juu ya toni ya Kijita. Wataalamu wa shirika la lugha la SIL wenye makao Musoma mjini nao wamekaa na wazungumzaji wa lugha kadhaa za mkoa kuandaa tahajia. Kazi hiyo ina ugumu ambao mtu wa Kiswahili hauoni upesi: Kijita na ndugu zake wa karibu wana irabu tano kama Kiswahili, ilhali Kizanaki cha Butiama kina irabu saba. Ukikiandika Kizanaki kwa a, e, i, o, u peke yake, maneno mawili tofauti yanaweza kuvaa umbo moja, na msomaji abaki kubahatisha.

Kazi inayonigusa zaidi, hata hivyo, ni ya historia. Jan Bender Shetler alikusanya historia zilizoandikwa na watu wa Mara Kusini wenyewe, zikachapishwa na Brill, Leiden, mwaka 2003, Kiswahili kikiwa pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Tangu mwaka huo mhariri yeyote wa Wikipedia anaweza kuzitaja. Maneno ni yaleyale. Yalipokuwa kwenye karatasi za mzee nyumbani Mara hayakuwa chanzo. Yalipopigwa chapa Uholanzi yakawa chanzo. Kilichoongezeka ni kukusanywa kwa utaratibu, kuandikiwa jina la msimulizi, kuhaririwa na kuwekwa mahali mtu mwingine anapoweza kuyapata. Sioni lolote katika hayo linaloishinda Musoma.

Wapo wanaosema dawa ni kuwapa Wajita na Wakwaya Wikipedia zao. Njia ipo: lugha zote mbili zina misimbo ya kimataifa, jit na kya, na yeyote anaweza kuanza makala za majaribio kwenye tovuti ya kulelea lugha changa mpaka Kamati ya Lugha ya Wikimedia iridhike kwamba kuna waandishi wa kudumu. Mimi nasema tusiharakishe. Mwaka 2020 ilibainika kwamba sehemu kubwa ya Wikipedia ya Kiskoti iliandikwa na kijana Mmarekani asiyeijua lugha hiyo, aliyekuwa akibuni tahajia. Mwaka 2025 Kamati ya Lugha ikaamua kuifunga Wikipedia ya Kigreenland, kwa kuwa wazungumzaji wenyewe walikuwa hawaiandiki na makala za tafsiri mbovu za mashine zilikuwa zimejaa. Madhara hayaishii kwenye ukurasa. Programu za kutafsiri hufunzwa kwa maandishi hayohayo, na lugha yenye maandishi machache mtandaoni ikilishwa uongo, mashine itaurudisha uongo huo kwa wenye lugha kama maarifa.

Kuanza kwa sauti kuna faida zaidi. Wikimedia Ufaransa wametengeneza chombo kiitwacho Lingua Libre: unaandaa orodha ya maneno, unayasoma moja moja kwenye kipaza sauti, na kila neno linakatwa na kuhifadhiwa katika faili lake. Wazungumzaji wawili wa Kikwaya na mwanafunzi mmoja wa isimu wanaweza kuanza kesho na majina ya samaki, pepo na zana za uvuvi. Masimulizi marefu yarekodiwe kando, pakiandikwa jina la msimulizi, mahali, tarehe na lugha, na habari moja isimuliwe na watu wawili wasio wa ukoo mmoja. Kisha Wikipedia ya Kiswahili, ambayo ipo tangu 2003 na ina mamlaka ya kujiwekea taratibu zake, iamue kwamba rekodi iliyotimiza masharti hayo ni chanzo halali kwa mambo ya mahali: majina, asili ya kijiji, mapishi, uvuvi. Madai juu ya tiba, au juu ya mtu aliye hai, yaendelee kudai chapisho.

Sharti moja halina mjadala. Kinachowekwa kwenye hazina za Wikimedia hutolewa kwa leseni huru isiyorudishwa: yeyote, hata kampuni, anaweza kukinakili na kukiuza. Yapo mambo ya matambiko na ya ukoo ambayo mzee angeyasimulia kwa mjukuu na asingependa yafike huko. Aelezwe hivyo kwa Kijita au Kikwaya, kwa lugha anayoiota usiku, apewe muda wa kushauriana na watu wake, na akikataa sehemu moja, hiyo isirekodiwe.