Tawi Njiani Mgunda Mkali

Anayetaka kuvuka nyika kwa siku kadhaa juu ya mgongo wa farasi, Singida si mahali pake. Msafiri Henry Stanley alitoka Bagamoyo mwaka 1871 na farasi wawili, na wote wawili walikufa kabla hawajaiona hata Ugogo. Burton na Speke, waliotangulia mwaka 1857, walikuja na punda, nao wakapukutika mmoja mmoja njiani. Mgunda Mkali, ile nyika ya Singida upande wa Manyoni na Itigi inayokwenda mpaka Tura, ilivukwa kwa bega la mtu.

Bega hilo mara nyingi lilikuwa la Mnyamwezi. Kwa Wanyamwezi upagazi haukuwa aibu. Kijana ambaye hajaiona Pwani alionekana bado mtoto. Aliyebeba pembe ya tembo alitundika kengele kwenye ncha ya pembe hiyo, msituni ikasikika kabla mwenyewe hajaonekana. Mzigo wa nguo ulifungwa mrefu kama mto wa kulalia na kukazwa kwa fito, na ncha za fito zikaachwa zimechomoza chini. Akichoka, mpagazi aliusimamisha mzigo ukaegemea mti, akapumua, kisha akautia tena begani bila kuinama. Ukishawahi kuinua gunia la mahindi kutoka chini peke yako, utajua akili iliyomo katika fito zile.

Adui hapa alikuwa kiu. Kutoka Ugogo mpaka Unyamwezi msafara wenye mizigo ulichukua karibu wiki nzima, na maji ya kiangazi yalikuwa ya kubahatisha: kidimbwi hapa, shimo la mwamba pale, kama kule Jiwe la Mkoa. Kwa hiyo wapagazi walikuwa na mwendo wao wa alasiri, ambao wageni waliuandika “tirikeza”. Mimi nikilisikia neno hilo nasikia kuteleka chungu, na kweli siku ya mwendo huo chungu kilitelekwa mapema. Watu walikula, wakanywa wakashiba, wakajaza vibuyu, wakaondoka jua likiwa bado kali. Walitembea mpaka giza, wakalala pakavu, wakaamka alfajiri na kuyafikia maji jua halijapanda sana. Masafa ni yaleyale. Ila badala ya kutwa nzima ya kiu, yamegawanywa nusu jioni na nusu asubuhi, na katikati kuna usingizi. Wageni wengi walilalamika kwamba mwendo huo unachosha, lakini hao hawakuwa na meno ya tembo begani.

Mbele alikwenda kirangozi, mwongoza msafara, kichwani manyoya, na hakuna aliyeruhusiwa kumpita. Njia ilipogawanyika panda, kirangozi alikata tawi akalilaza kwenye njia isiyofaa, au akachora mstari kwa mguu. Walio nyuma, pengine saa nzima nyuma, wakisindikizwa na wake zao waliobeba vyungu, waliliona na kuelewa. Hapakuwa na haja ya kumwita mtu.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na kazi ya bega ikapungua. Sasa ni malori. Likiharibika moja usiku kwenye vichaka vya Itigi, utingo hashuki kutafuta taa. Anashuka na panga, anakata matawi, anayalaza barabarani hatua kadhaa nyuma ya lori, kisha anarudi kukaa chini ya tela kumsubiri fundi.