Umeambiwa Huna Kisukari? Ini Lako Linaweza Kuwa Tayari na Mafuta

Mtu anapima sukari asubuhi kabla ya kula, mashine inasoma 5.9. Anaambiwa "huna kisukari", anaondoka na amani yake, na njiani anajipongeza kwa soda baridi.

Kweli, kisukari hana. Kwa aliyelala bila kula, kisukari huanzia 7.0, na kwenye HbA1c, kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu, huanzia asilimia 6.5. Lakini 5.9 sio namba ya kupuuza. Mwaka 2023 wataalamu wa ini duniani walibadilisha jina na vigezo vya ugonjwa wa mafuta kwenye ini. Sukari ya 5.6 kwenda juu, au HbA1c ya 5.7 kwenda juu, iliwekwa kati ya vigezo hivyo, pamoja na unene au kitambi, presha na mafuta ya kwenye damu.

Sasa sukari na ini vinakutana wapi? Mwili ukianza kuwa mgumu kuitikia insulini, kongosho huongeza nguvu na kutoa insulini nyingi zaidi. Ndiyo maana sukari inaweza kubaki karibu na kawaida kwa miaka. Wakati huo huo, insulini hiyo nyingi inalisukuma ini kugeuza sukari ya ziada kuwa mafuta, na mafuta ya mwilini, hasa ya kitambi, nayo yanamiminikia huko huko. Ini linajaa kimya kimya. Haliumi.

Hata vipimo vya damu vya ini vinaweza kutoka safi kabisa. Ultrasaundi husaidia, ila mafuta yakiwa machache huyakosa. Na mwenye seli mundu au upungufu wa damu asitegemee HbA1c peke yake, maana inaweza kudanganya.

Kwa hiyo kama namba yako iko kati ya 5.6 na 6.9, usiishie kwenye "huna kisukari". Muulize daktari kuhusu ini, na uombe kupimwa mafuta ya damu, hasa trigliseridi. Soda na juisi za sukari ndizo za kuacha kwanza, kwa sababu sehemu kubwa ya sukari yake huishia kwenye ini.

Habari njema ni kwamba mafuta haya yanaondoka. Mwenye uzito mkubwa akipunguza asilimia 5 tu, ini huanza kupungua mafuta. Kwa mtu wa kilo 80, hizo ni kilo 4.