Afrika Kusini na Programu Iliyokufa

Mwezi Januari mwaka 2021 walipa kodi wa Afrika Kusini walijikuta katika hali ya ajabu. Baadhi ya fomu za Mamlaka ya Mapato ya nchi hiyo, SARS, zilikataa kufunguka katika kompyuta zao. Mitambo haikuharibika, wala hakuna adui aliyeivamia. Fomu hizo zilijengwa juu ya programu iitwayo Flash, na Flash ilikuwa imekufa.

Flash ilizaliwa mwaka 1996. Ilipachikwa ndani ya kivinjari, yaani ile programu itumikayo kusomea kurasa za intaneti, ili picha zicheze na sauti isikike. Kwa kazi hiyo ilisifiwa, na kwa haki. Lakini wenye matangazo ya biashara wakaigeuza kero: mtu afungua ukurasa asome habari, mara picha zarukaruka pembeni, kelele zatoka asikojua, na kompyuta yaelemewa. Hata kampuni ya Google, ambayo yenyewe huishi kwa matangazo, ilianza Septemba 2015 kuyasimamisha mengi ya matangazo hayo katika kivinjari chake.

Kero huvumilika. Jambo zito lilikuwa nyufa. Mwaka 2011 wafanyakazi wachache wa RSA, kampuni ya Marekani itengenezayo vifaa vya kuthibitisha wenye ruhusa ya kuingia katika mitambo ya siri, walipelekewa barua yenye jedwali la mipango ya ajira. Mmoja akalifungua. Ndani yake mlifichwa kipande cha Flash, na kwa kupitia ufa ambao ulikuwa haujazibwa, wavamizi wakaingia na kuiba habari za vifaa hivyo. Baada ya miezi michache kampuni ya silaha ya Lockheed Martin ikashambuliwa, na RSA ikakiri kwamba habari zilizoibwa kwake zilitumika. Askari ajuaye maana ya ufunguo wa ghala la silaha hahitaji maelezo zaidi.

Adobe, wenye Flash, walitangaza Julai 2017 kwamba wangeizika mwishoni mwa mwaka 2020. Huo ni muda wa zaidi ya miaka mitatu. SARS ilihamisha baadhi ya fomu, nyingine zikabaki, na tarehe 12 Januari 2021 Adobe ikaizuia Flash isifanye kazi. Hapo SARS ikatoa kivinjari chake yenyewe, kilichoiweka Flash hai kwa ajili ya fomu zake. Tusicheke upesi, kwa kuwa kodi ni lazima ikusanywe. Tena kivinjari hicho kilifungua kurasa za SARS peke yake, jambo lililopunguza hatari. Ila kilikubali kompyuta za Windows tu. Mwenye chombo cha aina nyingine ilimbidi aazime cha mwenzake.

Adobe waliwataka watu wote waiondoe Flash. Katika kompyuta kuukuu ya ofisi isiyopokea marekebisho, programu hiyo hukaa humo mpaka mtu aiondoe kwa mkono wake.