Barua pepe na WhatsApp ya biashara: namna ya kuviunganisha bila kuwa fundi wa kompyuta

Butembo na Beni, biashara inafanyika kwa simu. Mteja anaona picha ya vitenge kwenye WhatsApp, anauliza "Ingaliko? Bei gani?", wanapatana, pesa inapita kwa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money, na motari anapeleka mali. Yote inaweza kuisha kwa nusu saa.

Lakini kuna habari moja isiyopita mule: ile ya kontena. Kiwanda cha Guangzhou, kampuni ya meli na wakala wa Mombasa wanaandika kwa barua pepe. Fakture, hati ya shehena na tangazo la kufika kwa meli vinaingia katikati ya matangazo mengi ya bure. Wafanyabiashara wengine wanafungua barua hizo mara moja kwa juma, ao wanangoja kijana wa nyumbani aliyewafungulia ile anwani. Wakati huo, siku za bure za bandarini zinahesabiwa. Zikiisha, kila siku inaongeza dola: bandari inalipisha nafasi, kampuni ya meli inalipisha kontena yake. Na mali ingali mbele ya barabara ndefu ya Malaba, Kampala na Kasese, hadi Mpondwe na Kasindi, ambako DGDA, ndiyo duwani yetu, inangoja hati zilezile.

Shida ni ileile kwa vyama vya wakulima wa kahawa na kakao upande wa Beni na Lubero, wenye wanunuzi wa Ulaya wanaoandika kwa barua pepe. Habari iko, lakini imelala pahali ambapo hakuna mtu anayeangalia. Kusudi iamshe simu, kuna njia ya kuunganisha vyombo hivi viwili bila kuandika programu.

Kiungo kinafanya kazi namna gani?

Kuna huduma za intaneti zinazojulikana kwa kazi hii: IFTTT, Zapier, Make na n8n. Zote zinafuata kanuni moja: ikiwa jambo hili limetokea, fanya lile. Mtu anachagua jambo, kwa mfano "barua imeingia kutoka kwa wakala wa Mombasa". Kisha anachagua kazi ya kufanya, kwa mfano "tuma ujumbe kwenye kundi letu" ao "andika mstari mpya katika jedwali la Google". Yote ni kubofya na kujaza vibokisi.

Kazi hiyo haifanyiki ndani ya simu yako. Inafanyika kwenye mashine za kampuni hizo, mbali. Basi umeme ukikatika Butembo, kiungo kinaendelea. Lakini ujumbe utakungoja mpaka simu yako ipate moto na mega.

Anza na vilivyo ndani ya simu

Mbele ya kufungua akaunti yoyote mpya, fanya kazi mbili za bure. Ya kwanza ni chujio ndani ya Gmail: kila barua inayotoka kwa kampuni ya meli ao kwa wakala, ao yenye namba ya kontena yako (herufi 4 na tarakimu 7), ipewe lebo moja, tuseme "Kontena". Kwenye simu ya Android, Gmail inakubali lebo moja ilie peke yake, na nyingine zinyamaze. Kwa mwenye duka dogo, hiyo peke yake inaweza kutosha.

Ya pili ni WhatsApp Business, programu ya bure iliyotoka 2018. Iko na salamu ya kwanza kwa mteja mpya, jibu la saa za usiku duka likifungwa, majibu mafupi yaliyoandikwa mbele, lebo za wateja na katalogi ya mali. "Ingaliko? Bei gani?" inajibiwa hapo bila kiungo chochote.

WhatsApp iko na mlango wake

Hapa ndipo watu wengi wanakwama. WhatsApp Business ya kwenye simu si chombo ambacho Zapier ao Make wanaingia tu na kuanza kutuma. Mlango rasmi ni huduma nyingine ya kampuni ya Meta, inayofunguliwa kwa akaunti ya biashara. Iko na masharti: mteja akikuandikia, unaweza kumjibu kwa uhuru ndani ya saa 24. Zikipita, unatuma tu ujumbe wa mfano ambao Meta imeukubali mbele, nao kwa kawaida unalipiwa.

Kuna programu zinazoahidi kupita dirishani: unaskani kodi kama ya WhatsApp ya kompyuta, nazo zinatuma ujumbe kwa mamia. Hiyo inavunja masharti ya WhatsApp, na namba inaweza kufungwa. Namba iliyoandikwa kwenye ukuta wa duka, ambayo wateja wa soko la Kilokwa wanaijua miaka yote, ni mtaji. Haifai kuichezea.

Kwa habari ya ndani, kati ya mwenye mali Butembo, mwenzake Beni na deklarani Kasindi, njia rahisi ni Telegram. Yenyewe inakubali roboti za bure, na Zapier, Make na IFTTT zinaunganika nayo. Wateja wanabaki WhatsApp, kengele ya kontena inalia Telegram.

Hesabu ya bure

Zapier inatoa kazi 100 kwa mwezi bila malipo, na kiungo cha hatua mbili. Make inatoa hatua 1,000. Inaonekana nyingi, lakini angalia: kwa Make, hata kuangalia kama barua imeingia kunahesabiwa. Ikiangalia kila dakika 15, ni mara 96 kwa siku, na 1,000 zinaisha karibu siku ya 10. Ikiangalia kila saa, ni 720 kwa siku 30, na 280 zinabaki kwa kutuma ujumbe. Habari ya meli inaweza kungoja saa moja.

Kile kisichofaa kuachiwa mashine

Kiungo kinaleta habari mbio, nayo habari ya uongo inakuja mbio vilevile. Wezi wa intaneti wanajulikana kwa hila moja: wanaingia katika barua za muuzaji ao wanaiga anwani yake kwa herufi moja tofauti, kisha wanaandika kwamba akaunti ya benki imebadilika. Simu ikilia na ujumbe wa namna hiyo, usitume pesa. Piga simu kwa namba ya zamani ya muuzaji, usikie sauti yake. Malipo, bei mpya na namba za benki zibaki mikononi mwa mtu.

Neno la siri pia. Ikiwa kijana aliyefungua anwani ndiye peke yake anayelijua, siku akisafiri kwenda Kampala duka linabaki nje ya barua zake. Mwenye mali awe nalo, na ile namba ya simu ya kuthibitisha iwe yake. Hata majina na namba za wateja zisitupwe ovyo katika kila chombo: Kongo iko na Sheria ya Dijitali tangu tarehe 13 Machi 2023, na inalinda habari za mtu binafsi.

Mwisho, kiungo kinaweza kukatika bila kelele, kwa mfano ukibadilisha neno la siri. Majuma mawili ya kwanza, endelea kufungua barua kwa mkono kila asubuhi. Kisha kila Jumatatu, mtu wa pili akutumie barua yenye namba ya kontena. Saa moja ikipita na simu haikulia, fungua barua mwenyewe ile siku, kisha tafuta palipokatika.