Si kila ufa wa mashua ni wa kuzibwa: makosa yanayoharibu chombo cha zamani kikifufuliwa

Ukipita fukwe za Tanga, Pangani, Bagamoyo hadi Kilwa wakati kusi inavuma kwa nguvu, utaona mashua nyingi zimevutwa juu. Nyingine zinatengenezwa. Nyingine zimekaa miaka, nyasi zimeota ndani yake, na mwenyewe anatafuta mnunuzi. Hizi za kundi la pili ndizo zinazowavutia vijana wengi, kwa sababu mashua mpya ni ghali na ya zamani hupatikana kwa bei ya maelewano.

Shida huanza baadaye. Mtu anatoa fedha ya kununua, fedha ya mbao, fedha ya fundi, pengine amekopa kwenye VICOBA. Chombo kinapakwa rangi, kinapendeza, kinateremshwa majini, na kinavuja kuliko siku kilipopandishwa. Deni linabaki, na wakati mwingine abiria au wavuvi ndio wanaolipa kwa maisha yao.

Mengi tunayoeleza hapa mafundi wazuri wa mashua wanayajua tangu utotoni. Tunayaandika zaidi kwa ajili ya mwenye chombo, kwa kuwa yeye ndiye anayetoa fedha na ndiye anayemharakisha fundi. Ukisikiliza habari za mashua zilizoharibika katika matengenezo, mara nyingi utakuta fundi alisema "tusubiri", na tajiri akasema "maliza".

Mbao hunywa maji

Kosa la kwanza ndilo kubwa kuliko yote, na linafanywa kwa nia njema kabisa.

Mbao ikilowa huvimba kwa upana. Ikikauka husinyaa. Kwa urefu haibadiliki sana, lakini kwa upana hubadilika vya kutosha kuonekana kwa macho. Mashua iliyokaa juani miezi mingi utaikuta ina nafasi kati ya ubao na ubao, nyingine unaweza kupitisha ncha ya kisu ukaona mwanga upande wa pili. Mwenye chombo anashtuka. Anamwambia fundi ashindilie kalafati mpaka kila ufa ujae. Fundi anashindilia pamba kwa patasi na nyundo, inakaza kama jiwe.

Sasa mashua inarudi majini. Mbao zinaanza kunywa na kuvimba, kila ubao unataka kurudi kwenye upana wake wa zamani, lakini nafasi imeshajazwa. Hapo ubao unamsukuma mwenzake. Misumari inang'oka kwenye mataruma, taruma dhaifu linavunjika, na pengine ubao mzima unatoka nje ya mstari. Kilichokuwa ufa wa kawaida kimekuwa chombo kilichoachana viungo.

Njia inayofaa ni ya polepole. Chombo kinaloweshwa kwanza: magunia mabichi yanatandazwa ndani na nje, yanamwagiwa maji ya bahari asubuhi na jioni kwa wiki moja au zaidi. Au chombo kinawekwa mahali ambapo maji yanayojaa yanakifikia na yanayopwa yanakiacha, kikiwa kimefungwa vizuri. Baada ya siku kadhaa nyufa nyingi zinajifunga zenyewe. Zile zinazobaki wazi ndizo za kutiwa kalafati, pamba iliyochovywa mafuta, kwa kiasi, ikiachiwa nafasi ya kubanwa. Methali ya ufa na ukuta ni ya kweli kwa nyumba, lakini kwa mashua iliyokauka tungeomba iwekwe pembeni kidogo.

Kosa hilohilo linakuja kwa sura nyingine pale mtu anapoziba nyufa kwa saruji au gundi ngumu. Kitu kigumu hakibanwi. Ama kitasukuma mbao, ama kitaachia mbao zinapocheza na wimbi, na maji yatapita nyuma yake bila wewe kuyaona.

Usivue kila kitu kwa mpigo

Mashua haina kiunzi kinachosimama chenyewe kama nyumba ya nguzo. Umbo lake linashikiliwa na vitu vyote kwa pamoja: mkuku chini, mataruma ndani, mbao nje. Ukitoa mbao zote mbovu kwa siku moja, na mataruma yaliyooza siku ya pili, unachobaki nacho hakikumbuki tena umbo lake. Omo na tezi hulala chini, katikati hupanda, au ubavu mmoja hufunguka kuliko mwingine. Ukipigilia mbao mpya hapo, umeuhifadhi upotofu huo. Mashua itakuwa inaelekea upande mmoja kila ukitweka tanga, na hakuna usukani wa kuiponya.

Kwa hiyo kabla ya kung'oa chochote, mkuku uegemezwe kwenye magogo sehemu nyingi, siyo mbili tu za mwisho. Vuta kamba nyembamba kutoka omo hadi tezi, uone kama mkuku umenyooka. Weka miti ya kuegemeza kila ubavu. Kisha toa taruma moja, weka jipya, ruka linalofuata, nenda la tatu. Mbao nazo hivyohivyo, na ile mbovu usiitupe: lala nayo mpaka mpya ikae, kwa sababu ndiyo kipimo chako.

Kwenye mataruma kuna kosa la kubana matumizi. Taruma hukatwa kutoka tawi lililopinda lenyewe, ndiyo maana mafundi hutafuta miti yenye mikunjo ya asili. Mtu akiona tawi kama hilo ni taabu kulipata, anachukua ubao ulionyooka na kuukata mkunjo kwa msumeno. Kwa macho yanafanana. Lakini nyuzi za mti kwenye ule ubao zimekatwa katikati ya mkunjo, na hapo ndipo taruma litakapovunjika siku ya mawimbi.

Kilichomo ndani hakionekani nje

Kuna mdudu wa baharini anayetoboa mbao ambaye wengi humwita mnyoo. Kwa ukoo wake si mnyoo, ni ndugu wa kombe na chaza. Anaingia akiwa mdogo sana kupitia tundu la ukubwa wa ncha ya sindano, kisha anakulia ndani na kuchimba njia kufuata urefu wa ubao. Nje ubao unaonekana mzima, ndani ni kama sega la nyuki. Ndugu zetu wa Ziwa Victoria na Tanganyika hawamjui kwa sababu anahitaji maji ya chumvi. Wao adui yao ni kuoza.

Na kuoza, kinyume na wengi wanavyodhani, huletwa zaidi na maji ya mvua kuliko ya bahari. Ukungu unaokula mti unataka unyevu na hewa. Ubao uliozama kwenye chumvi muda wote unaoza kwa shida, ilhali ule wa juu unaopata mvua, na chini ya sakafu ambako maji ya ngama yanachanganyika na mvua bila kukauka, unaoza haraka. Mashua iliyoachwa pwani bila kufunikwa kwa masika mawili huwa imeharibika zaidi kuliko iliyokuwa inafanya kazi.

Kwa hiyo kabla ya kununua, nenda na nyundo ndogo na kisu chembamba. Gonga: mti mzima unalia kwa sauti kali, ulioliwa unatoa sauti ya kitu kitupu. Choma kisu kwenye mkuku, kwenye ncha za mbao mbele na nyuma, kwenye vichwa vya mataruma na kuzunguka misumari. Kama muuzaji anakukataza kuchoma kisu, jibu umeshalipata. Ubao mmoja ukioza si tatizo. Mkuku ukioza, unanunua kuni.

Wazee wetu humpunguza huyo mdudu kwa kukipweleza chombo, kukiacha kikauke, kukipitishia moto wa makuti chini na kukipaka deheni, yaani chokaa na shahamu. Njia hiyo bado inafaa, mradi moto usiachwe peke yake na mafuta na pamba viwe mbali. Moto wakati wa matengenezo haubagui. Huko London, meli ya kale Cutty Sark iliyojengwa mwaka 1869 iliungua tarehe 21 Mei 2007 ikiwa katikati ya ukarabati, na uchunguzi ulielekeza kwenye mashine ya kufyonza vumbi iliyoachwa ikiwaka mwishoni mwa wiki. Iliponea kwa kuwa mbao zake nyingi zilikuwa zimeshatolewa na kuhifadhiwa kwingine.

Msumari mpya kwenye tundu la zamani

Msumari wa chuma ukipata kutu huvimba, unapasua mti unaouzunguka na kuufanya mweusi na laini. Wengi huung'oa na kupigilia mpya wa ukubwa uleule kwenye tundu lilelile. Huo haujashika chochote, umekaa tu. Tundu la zamani lizibwe kwa kijiti cha mti mgumu, na msumari mpya upate tundu lake jipya pembeni, lililotobolewa kwanza kwa keekee ili ubao usipasuke. Chini ya kichwa chake zungushia uzi wa pamba wenye mafuta, maji yasipite.

Usichanganye madini pia. Shaba na chuma vikigusana ndani ya maji ya chumvi, chuma ndicho kinacholiwa, na kinaliwa haraka.

Si mafundi wa kijijini tu waliofunzwa na misumari. Meli Vasa ya Sweden ilizama mwaka 1628 na kuinuliwa mwaka 1961 ikiwa karibu nzima, kwa sababu Bahari ya Baltic haina chumvi ya kutosha kwa yule mdudu. Walioihifadhi waliifunga kwa maelfu ya bolti za chuma zilizopakwa zinki. Miaka ikapita, zikashika kutu na kudhuru mbao, na kuanzia mwaka 2011 ikabidi zibadilishwe kwa chuma kisichoshika kutu, kazi iliyochukua miaka. Kama jumba la makumbusho lenye wataalamu lilirudia kazi, mwenye mashua asione haya kumwuliza fundi anatumia msumari gani.

Rangi, fiba na saruji

Siku hizi kuna ushawishi wa kuvika mashua ya zamani koti la fiba. Kwenye mbao kavu, mpya na zisizocheza, inawezekana. Kwenye mashua ya mbao zilizopigiliwa, zenye unyevu na mafuta ya miaka mingi, fiba haishiki vizuri. Mbao zinacheza, koti linapasuka, maji yanaingia katikati na hayatoki. Unabaki na chombo kinachoozea ndani ya mfuko. Saruji iliyomwagwa kwenye ngama hufanya vivyo hivyo, na juu ya hayo inaongeza uzito na kuficha mkuku usiukague tena.

Rangi yenyewe haina ubaya, lakini ni kazi ya mwisho. Mashua inayouzwa ikiwa na rangi mbichi ndiyo ya kuchomwa kisu mara mbili.

Uzito unaoongezwa nao unastahili kufikiriwa. Mashua iliyoundwa kwa tanga, ikipewa mashine kubwa nyuma, paa la bati na viti vya juu, si chombo kilekile tena. Uzito ukipanda juu, chombo kinapinduka kwa wimbi ambalo zamani kilicheza nalo. Kama mnabadilisha kazi ya chombo, kwa mfano kutoka uvuvi kwenda kubeba abiria, kikaguliwe na TASAC kabla ya safari ya kwanza, na Zanzibar kuna mamlaka yake ya usafiri baharini.

Kukiteremsha

Teremsheni wakati wa bamvua, asubuhi, ili mpate siku nzima ya kukiangalia, na kifungwe mahali ambapo maji yakipwa kitakaa juu ya mchanga. Kitavuja, na siku ya kwanza kitavuja sana. Usiite fundi kwa hasira. Teka ngama, hesabu ndoo, andika hata kwenye simu: asubuhi ngapi, jioni ngapi. Mbao zikinywa vizuri, idadi itashuka kila siku. Ikifika siku ya nne au ya tano na ndoo ni zilezile, subiri maji yapwe, kikague upande wa ndani ukifuata mkondo wa maji, na weka alama kwa chaki pale yanapoingia. Hapo ndipo patasi na pamba vinapohitajika.