Nomino za Makundi: Umati Ulifika au Umati Walifika?

Soma sentensi hii kwa makini: *Umati wa watu walikusanyika nje ya ofisi ya chifu.*

Je, umeona kosa? Watahiniwa wengi hawalioni. Mimi hukutana nalo kila mwaka ninaposahihisha, tena katika kazi za wanafunzi wazuri ambao hoja zao zimekomaa. Kosa hili halitokei katika Matumizi ya Lugha pekee, sehemu yenye alama 40 kati ya 80 za Karatasi ya Pili. Huzuka pia katika insha na katika majibu ya fasihi, kwa sababu vitabu teule vimejaa familia, jamii, umati, kamati na magenge. Tulielewe basi kutoka kwenye mzizi wake.

Nomino ya makundi ni nini?

Ni nomino inayotaja mkusanyiko wa watu, wanyama au vitu kana kwamba ni kitu kimoja. Baadhi husimama peke yake: *jeshi, bunge, kamati, timu, familia, jamii, serikali*. Nyingine hufuatwa na kihusishi cha *a-unganifu* na nomino inayotaja wanakundi: *umati wa watu, genge la wezi, bumba la nyuki, mkungu wa ndizi, tita la kuni, kicha cha funguo, shada la maua, safu ya milima, thurea ya nyota*. Nyingine hubeba hata hesabu ndani yake: *jozi* ni viwili na *korija* ni ishirini.

Kosa hutoka wapi?

Hutoka sehemu mbili.

Kwanza, Kiingereza. Katika Kiingereza cha Uingereza, mtu anaweza kusema "the team is" anapoiona timu kama kitu kimoja, au "the team are" anapowafikiria wachezaji mmoja mmoja. Nomino haibadiliki, kitenzi ndicho hubadilika kufuata maana iliyo akilini mwa msemaji. Wamarekani hupendelea umoja, lakini sisi tumefundishwa Kiingereza chenye asili ya Uingereza. Mwanafunzi aliyezoea uhuru huo huubeba hadi kwenye Kiswahili na kuandika *timu wamefika*. Ni kweli utayasikia hayo mitaani na hata kwenye matangazo ya mpira. Katika mtihani hayakubaliki.

Pili, kanuni ya ngeli ya A-WA iliyoeleweka nusu. Ulifundishwa kwamba viumbe wenye uhai huchukua upatanisho wa A-WA. Ndiyo maana tunasema *kijana ameanguka* na *kifaru ameanguka*, ingawa nomino hizo zinaanza kwa *ki-*. Mwanafunzi huona ng'ombe wana uhai, akaandika *kundi la ng'ombe walivuka mto*. Kumbuka kwamba kanuni hiyo inahusu kiumbe chenyewe. Ng'ombe ana uhai. Kundi ni jina la mkusanyiko tu. Vivyo hivyo, askari hupumua lakini *kikosi* hakipumui, na kwa hivyo tunasema *kikosi kimewasili*.

Kanuni kuu

Kitenzi hufuata ngeli ya nomino ya kundi, si ya wanakundi.

- Umati wa watu ulikusanyika nje ya ofisi ya chifu.
- Kundi la ng'ombe lilivuka mto.
- Kikosi cha polisi kiliwasili asubuhi.
- Familia ile imehama.

Vivumishi navyo hufuata nomino vinayoieleza. Tazama: *Kundi kubwa la ng'ombe wanene lilivuka mto.* Kilicho kikubwa ni kundi. Walio wanene ni ng'ombe. Kitenzi nacho kinarudi kwa kundi, hata kama *ng'ombe wanene* wamesimama karibu nacho zaidi. Usidanganywe na jirani wa kitenzi. Tafuta mwenye sentensi.

Je, ukitaka kuwazungumzia wanakundi?

Hapa ndipo lugha hizi mbili zinapoachana njia. Mwingereza hubadilisha kitenzi. Mswahili hubadilisha nomino. Tuna *kamati* na *wanakamati*, *jeshi* na *wanajeshi*, *jamii* na *wanajamii*, *bunge* na *wabunge*, *timu* na *wachezaji*. Kundi likitenda kwa pamoja, litaje kundi. Wanakundi wakitenda kila mmoja kwa njia yake, wataje wao.

- Kamati imepitisha bajeti. (Uamuzi ni mmoja.)
- Wanakamati walitofautiana kuhusu bajeti. (Kila mmoja ana msimamo wake.)

Katika fasihi, tofauti hii hubadilisha hoja yako. Tuseme unajadili tamthilia ya *Bembea ya Maisha*, ambamo familia ya Yona na Sara ndiyo kitovu. Ukiandika *familia inakumbwa na misukosuko*, unazungumzia mzigo wa wote. Ukiandika *wanafamilia hawaoni mambo kwa jicho moja*, unafungua mlango wa kuonyesha nani anafikiri nini. Hali kadhalika, *jamii inamdhulumu mwanamke* ni hoja kuhusu mila na mfumo, ilhali *baadhi ya wanajamii wanamdhulumu* inakudai uwataje wahusika hao na matendo yao. Mtahiniwa anayeandika *jamii wanamdhulumu* amepoteza sarufi, na pia hajaamua anamshtaki nani.

Tahadhari tatu

1. *Baadhi ya* si nomino ya makundi ya kawaida. Hutaja sehemu ya kitu, na kitenzi hufuata nomino inayokuja baada yake: *Baadhi ya wanafunzi wamechelewa, baadhi ya vitabu vimeraruka.*

2. *Polisi* katika Kiswahili ni mtu: *polisi mmoja amefika, polisi wawili wamefika*. Kwa hivyo hapa A-WA ni sahihi. Ukitaka kundi, tumia *kikosi cha polisi* au *idara ya polisi*.

3. Katika swali la umoja na wingi, badilisha nomino ya kundi na viambishi vinavyoifuata tu. *Kicha cha funguo kimepotea* huwa *Vicha vya funguo vimepotea*. Ukirudi kwenye umoja usiandike *kicha cha ufunguo*. Ufunguo mmoja haufanyi kicha.

Zoezi

Sahihisha au ubadilishe sentensi zifuatazo ulivyoagizwa.

(a) Genge la wezi walivamia duka usiku. (Sahihisha)
(b) Baadhi ya mabwawa imekauka. (Sahihisha)
(c) Bumba la nyuki limehama. (Wingi)
(d) Matita ya kuni yameloa. (Umoja)
(e) Kamati walizozana hadi usiku. (Sahihisha, ukionyesha kwamba kila mmoja alikuwa na msimamo wake)

Majibu

(a) Genge la wezi lilivamia duka usiku.
(b) Baadhi ya mabwawa yamekauka.
(c) Mabumba ya nyuki yamehama.
(d) Tita la kuni limeloa.
(e) Wanakamati walizozana hadi usiku.

Kabla ya kukabidhi karatasi yako, rudi kwenye kila sentensi yenye jina la kundi ujiulize: ni nani hasa aliyetenda? Likiwa ni kundi, kitenzi kifuate ngeli yake. Wakiwa ni watu, waandike kwa jina lao.