Gari Likiwa na Kasoro ya Kiwandani, Mnunuzi Akimbilie Wapi?

Nina dukuduku lililonikaa moyoni kwa muda wa miezi saba sasa. Jambo lenyewe linahusu magari yaliyotumika yanayoletwa kutoka Japani na kuuzwa kwetu wananchi, na hasa swali hili: gari likigundulika lina kasoro iliyotoka nayo kiwandani, ni nani anayepaswa kulitengeneza? Nimeuliza swali hilo katika ofisi tatu, na kila moja imenielekeza kwa mwenzake, mpaka nikajikuta nimerudi pale nilipoanzia.

Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Tanga. Nilipopata mafao yangu nilinunua gari dogo katika yadi moja ya Dar es Salaam. Gari lilikuwa linang'aa, viti safi, na muuzaji hakuacha kulisifia tangu nilipoingia mpaka nilipotoa fedha. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini siku ile methali hiyo haikunijia kichwani. Nilipewa na karatasi ya dhamana ya miezi mitatu, imeandikwa Kiingereza kwa herufi ndogo kama mchanga.

Wiki ya tano giaboksi ikaanza kushtuka kila gari lilipobadili gia. Nikapiga simu. Nikajibiwa, "Mzee, hilo ni jambo la kawaida, gari litazoea barabara zetu." Halikuzoea. Nikapiga tena, nikaambiwa nilipeleke Dar es Salaam kwa gharama zangu mwenyewe ili likaguliwe na fundi wao. Nilipofika, fundi alikuwa safarini. Nilipopiga mara ya tatu, dhamana ilikuwa imekwisha siku nne zilizopita. Hapo ndipo nilipomtafuta mtu wa kunisomea zile herufi ndogo, nikaelewa kuwa hata ningewahi, dhamana ile ilikuwa imeacha nje karibu kila kitu kinachoweza kuharibika.

Hayo, Ndugu Mhariri, ningeyameza. Giaboksi mbovu humla mtu fedha, haimuui. Lililonifanya nishike kalamu ni jingine.

Mpwa wangu ni fundi wa umeme wa magari. Alipokuja kunitembelea aliwasha gari, akatazama taa za dashibodi, akaniambia, "Mjomba, hapa kuna taa moja haiwaki." Ilikuwa ni ile taa nyekundu ya mfuko wa hewa, ambao mafundi huuita eabegi. Kwa kawaida taa hiyo huwaka ufunguo unapozungushwa, kisha huzimika baada ya sekunde chache kuonyesha kuwa mambo ni shwari. Ya kwangu haikuwaka kabisa. Alipofungua dashibodi alikuta imefunikwa kwa plasta nyeusi. Kuna mtu, sijui wa Japani au wa hapa kwetu, aliona kuwa kuficha taa ni rahisi kuliko kutengeneza kilichoiwasha.

Jambo hilo lilimtia shaka mpwa wangu. Akachukua namba ya chesisi na kuitazama katika ukurasa wa intaneti wa kiwanda kilichounda gari, ambao umeandikwa Kijapani. Tukapata jibu lililonitoa jasho: gari hili liliitwa kiwandani zamani ili libadilishiwe kifaa cha kujaza mfuko wa hewa, na kazi hiyo haikufanyika.

Wasomaji wengi huenda hawajui uzito wa habari hiyo, kwa hiyo nitaieleza kidogo. Gari linapogonga, kifaa hicho hulipua unga maalumu unaotoa gesi na kuujaza mfuko kabla mtu hajafumba na kufumbua, ili kichwa chake kitue penye laini. Kampuni ya Takata ya Japani ilikuwa miongoni mwa watengenezaji wakubwa wa vifaa hivyo, ikiviuza kwa viwanda vingi vya magari. Vifaa vyake vilivyoleta balaa vilitumia nitrati ya amonia. Dawa hiyo ikikaa miaka mingi mahali penye joto na unyevunyevu huharibika, na siku ya ajali hulipuka kwa nguvu kupita kiasi. Badala ya kumkinga mtu, kopo la chuma lililoibeba hupasuka na kumrushia vipande usoni na shingoni.

Honda ilianza kuita magari kwa sababu hiyo mwaka 2008. Baadaye wakafuata viwanda vingine, mpaka vifaa vilivyoitwa duniani kote vikafika kiasi cha milioni 100. Marekani peke yake imethibitisha vifo 28. Mwaka 2014 mama mjamzito alikufa nchini Malaysia katika ajali ya namna hiyo. Mwaka 2017 Takata ilikiri kosa la udanganyifu mbele ya mahakama ya Marekani, ikakubali kulipa dola bilioni 1, na mwezi Juni mwaka huo huo ikaomba kutangazwa kuwa imefilisika.

Sasa nawaomba wasomaji watazame maneno yale mawili: joto na unyevunyevu. Je, si hali yetu hiyo hapa Tanga, Dar es Salaam, Mtwara, Zanzibar na Mombasa? Kama kuna mahali ambapo vifaa hivi havifai kuachwa vizeeke ndani ya magari, basi ni pwani yetu.

Isitoshe, Wajapani wenyewe hawakulala. Tangu mwezi Mei mwaka 2018, magari yao yenye vifaa vya aina ile ya hatari zaidi ambayo hayajabadilishiwa hayaruhusiwi kupita ukaguzi wa lazima. Maana yake ni kwamba gari la namna hiyo haliwezi kuendelea kutumika barabarani kwao. Lakini gari lisilofaa kwa Mjapani likipandishwa meli, je, baharini hupona?

Nikiwa na habari hizo nilikwenda kwa wakala wa kiwanda hicho. Nilipokewa kwa adabu, nikapewa kiti, kisha nikaambiwa, "Gari hili hatukuliuza sisi, hivyo haliko katika vitabu vyetu." Nikarudi yadi. Wakasema, "Sisi tunauza tu, hatutengenezi magari. Nenda kwa wakala." Nikaenda katika ofisi moja ya umma, nikaambiwa gari lilipita ukaguzi na karatasi zake ni halali. Breki zilikaguliwa, taa zilikaguliwa, lakini namba ya chesisi haikuulizwa kama gari liliitwa kiwandani au la.

Nataka kuwa mkweli. Neno la wakala si la kupuuzwa. Hakupata hata senti moja kwa gari langu, na pengine anaogopa kubeba mzigo wa maelfu ya magari ambayo hakuyaleta. Lakini mzigo huo si wake, ni wa kiwanda. Kasoro hii haikuletwa na mwendo wangu wala mashimo ya barabara zetu. Ilizaliwa na gari. Kiwanda kinapotangaza kuwa kitabadilisha kifaa bila malipo, ahadi hiyo inapasa kulifuata gari popote liendapo. Abiria anayeketi mbele ya mfuko ule ni binadamu, awe Osaka au Muheza.

Wenzetu wamejaribu njia mbalimbali. Mwezi Februari mwaka 2018 serikali ya Australia iliamuru viwanda vibadilishe vifaa hivyo bila malipo mpaka mwisho wa mwaka 2020, na amri hiyo iligusa magari zaidi ya milioni 3. Kwa upande wa magari mapya, jimbo la Connecticut huko Marekani lilipitisha sheria mwaka 1982. Ilisema gari jipya likitengenezwa mara nne kwa kasoro ile ile bila kupona, au likilala gereji siku 30, mnunuzi ana haki ya kubadilishiwa au kurudishiwa fedha zake. Huiita sheria ya malimau, kwa kuwa gari bovu kwao huitwa limau.

Sisi nasi hatuko uchi. Tunayo Sheria ya Ushindani, Namba 8 ya mwaka 2003, ambayo inagusa wajibu wa watengenezaji na usalama wa bidhaa, na iko chini ya Tume ya Ushindani. Tunayo pia sheria ya mauzo ya bidhaa, Sura ya 214. Upungufu ni kwamba mwananchi wa kawaida hazijui, na muuzaji anajua kuwa hazijui.

Kwa hiyo natoa maombi matatu kwa wahusika. Kwanza, gari linapoingia nchini, kabla halijapewa namba za usajili, namba yake ya chesisi ilinganishwe na orodha za magari yaliyoitwa kiwandani. Kazi hiyo ilimchukua mpwa wangu dakika kumi, akiwa amekaa barazani na simu yake. Pili, viwanda na mawakala waketi na serikali wakubaliane namna ya kubadilisha vifaa hivyo hata kwa magari yaliyotoka yadi. Tatu, karatasi za dhamana ziandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka, na zitaje wazi kisichomo.

Kwa wenzangu wenye magari nawasihi: zungusheni ufunguo mwangalie kama taa ile nyekundu inawaka kisha inazimika. Jueni hata hivyo kuwa taa hiyo haipimi ubovu wa dawa iliyo ndani ya kifaa, kwa hiyo namba ya chesisi lazima itazamwe vilevile. Msimwachie fundi wa mtaani aufungue mfuko huo, kwani unaweza kumlipukia mikononi. Wekeni risiti zote, na malalamiko yenu yapelekeni kwa maandishi.

Mimi bado ninalo gari langu, kwa sababu siwezi kununua jingine, na kumuuzia mwenzangu bila kumwambia ukweli dhamiri yangu imekataa. Ninaliendesha kwa nadra. Mke wangu huketi kiti cha nyuma, na majirani wanadhani tumegombana. Hatujagombana. Tunangoja tu mtu mmoja, katika ofisi yoyote kati ya zile tatu, aseme kuwa kazi hii ni yake.

Mwalimu Mstaafu,
Tanga.